Legacy wagoni au Legacy B4: lipi la kubebea familia?

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana Subaru Legacy B4, yaani sedani, ya 2006. Mimi nina Legacy Touring Wagon ya 2007. Zote mbili ni GT: injini ileile ya lita 2 yenye turbo, gia otomatiki ya hatua tano, nguvu za farasi 260 kwa hesabu ya kiwandani, na magurudumu yote manne yanasukuma. Tofauti yao inaanzia mgongoni mwa kiti cha nyuma na kuishia kwenye bampa. Kila Idd familia zetu, hapa Uganda, hutoka Bombo pamoja kwenda Arua, zaidi ya kilomita 400, gari moja nyuma ya jingine, na tukifika Karuma watoto hubadilishana magari kwa sababu wameshachokana. Kwa hiyo ulinganisho huu sikuutafuta. Umekuja wenyewe, safari baada ya safari.

Mwezi uliopita shemeji alinipigia simu. B4 yake imechoka, anataka gari jingine, na mke wake amesema safari hii iwe wagoni. "Shemeji, wewe umeishi na wagoni. Niambie ukweli, nitajuta?" Nilimwambia aje nyumbani tukae, na mengi tuliyozungumza jioni ile ndiyo haya.

Kwanza tuondoe suala la mwendo

Pale magari yanapooshwa utasikia vijana wakisema sedani ndiyo gari la mbio, na wagoni ni gari la baba mwenye nyumba. Heshima ya sedani ina asili yake. Legacy ndiyo iliyowapa Subaru ushindi wao wa kwanza katika rali za ubingwa wa dunia, New Zealand mwaka 1993, Colin McRae akiwa kwenye usukani. Miaka minne kabla ya hapo, Legacy sedani zenye turbo zilikimbizwa Arizona kilomita 100,000 kwa wastani wa kilomita 223 kwa saa. Aliyekulia kwenye hadithi za rali ana haki ya kuipenda.

Lakini hayo hayahusu gari utakaloegesha nyumbani. Wagoni yangu imeizidi B4 makumi machache tu ya kilo. Ukishapakia watu watano na mizigo, tofauti hiyo imemezwa. Tumejaribu mara nyingi, bila kushindana, kwenye ile barabara ndefu kati ya Luweero na Kafu ambako matrela ya kaskazini hupanda taratibu, manne au matano yakifuatana. Hapo ndipo turbo ina maana kwa mtu mwenye watoto: unaona barabara iko wazi, unakanyaga, unapita haraka na kurudi upande wako mapema. Gari dhaifu hukuweka upande usio wako kwa muda mrefu mno. Katika hilo wagoni na sedani ni pacha. Na hata ile barabara ya haraka ya Entebbe mwisho wake ni kilomita 100 kwa saa, kwa hiyo nguvu zaidi ya hapo huna pa kuzipeleka.

Mahali ninapokiri sedani inashinda ni kwenye kona. Nyuma ya kiti cha B4 kuna ukuta wa bati unaofunga mwili wa gari, na gari linajibana pamoja. Wagoni nyuma ni chumba kitupu chenye mlango mkubwa. Ule mteremko wenye kona kuelekea daraja la Karuma, B4 hushuka imetulia kama imefungwa kamba. Wagoni nayo hushuka salama, ila unasikia mkia unachelewa kidogo kufuata. Kama unaendesha peke yako siku nyingi za juma na raha yako ni usukani, hilo lina uzito. Mimi siku nyingi siendi peke yangu.

Lita zinadanganya

Nilipomwonyesha shemeji vipimo hakuamini. B4 ya kizazi hicho, cha 2003 hadi 2009, ina urefu wa milimita 4,635. Wagoni ina 4,680. Yaani tofauti haifiki upana wa vidole vitatu. Upana ni uleule, 1,730, na umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni uleule, 2,670. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba wagoni ni ndefu mno kwa maegesho ya Kampala. Inaingia palepale inapoingia sedani, na kwa kuwa kioo cha nyuma kiko mwishoni kabisa mwa gari, unajua mkia wako unaishia wapi unaporudi nyuma.

Buti nalo, kwenye makaratasi, halitofautiani sana: lita 433 kwa sedani, lita 459 kwa wagoni, ikipimwa hadi usawa wa pazia la kufunikia mizigo. Lita 26! Hiyo ni jerikani moja ya maji na chupa chache. Mtu akisoma hapo atasema hakuna haja ya kuhangaika.

Sasa nikueleze kuhusu kiti cha haboba, yaani bibi. Bibi yake mke wangu hutembea hatua chache tu, kisha anahitaji kiti cha magurudumu. Kiti chake ni cha chuma, chenye magurudumu makubwa ya kuhimili njia za kijijini, na hata ukikikunja kinabaki kinene. Mwaka juzi alipanda gari la shemeji kwa sababu ndilo lenye utulivu. Tukafungua buti la B4. Ndani ni refu na lina kina, kiti kingekaa na nafasi ikabaki. Lakini mdomo wake! Kioo cha nyuma cha B4 kimelala sana na kifuniko cha buti ni kifupi, kwa hiyo buti ni kama mtungi: tumbo kubwa, shingo nyembamba. Tulikilaza ubavu, tukakisimamisha, tukang'oa sehemu za kuwekea miguu, na bado gurudumu likakwama kwenye bawaba. Haboba alikuwa ameketi garini mlango wazi, miguu nje, akitutazama, na akatuambia kwa sauti ya chini kwamba anaweza kubaki nyumbani. Neno lile liliniuma. Tukahamishia kiti kwenye wagoni yangu, kikaingia kwa mara moja kikiwa kimesimama.

Kijana mmoja jirani alishauri tuache buti la B4 wazi na kulifunga kwa kamba. Usifanye hivyo kamwe safari ndefu, iwe sedani au wagoni. Gari linapokimbia, hewa ya nyuma hujizungusha na kurudi ndani, na moshi wa egzosi unaingia nayo. Watoto wanalala, wewe unadhani ni uchovu wa safari.

Kwa hiyo usiulize lita. Chukua kile kitu kikubwa na chenye umbo gumu ambacho familia yako lazima isafiri nacho, iwe kiti cha magurudumu, kigari cha mtoto, masufuria ya harusi au zile tabaga za Kinubi, za kusukwa, ambazo mama zetu hawakubali zikunjwe, na upime kama kinapita mlangoni. Wagoni ukilaza viti vya nyuma unapata zaidi ya lita 1,600, sakafu iliyonyooka. Katika B4 ya shemeji kiti cha nyuma hakilali kabisa. Kuna kitundu kidogo tu nyuma ya egemeo la mkono, kinachopitisha fimbo au bomba.

Nafasi ikizidi, mtu hushawishika

Hapa nina kosa langu la kueleza, na nadhani ndiyo sehemu muhimu kuliko zote kwa anayetaka wagoni.

Wajapani wanapoandika uzito wa juu wa gari dogo, huhesabu kilo 55 kwa kila kiti. Gari la viti vitano ni kilo 275 za watu. Basi. Sasa hesabu familia yetu: mimi kilo 82, mama watoto 70, haboba 60, watoto wawili wakubwa 45 na 38. Tumeshafika 295 kabla ya kupakia hata mfuko mmoja. Katika sedani, buti likijaa huna pa kuongeza, gari lenyewe linakuambia basi. Katika wagoni unaona bado kuna hewa juu ya mizigo, na ndugu wa Arua hawawezi kukuacha uondoke mikono mitupu.

Safari moja tulirudi na gunia la muhogo mkavu, gunia nusu la simsim, madumu ya asali, na samaki. Gari lilikuwa limekaa chini mkia, taa za mbele zinaangalia matawi ya miti, na madereva waliokuwa wanakuja mbele walikuwa wananimulika wakidhani nimewasha taa kubwa. Kabla ya Nebbi, kwenye tuta ambalo sikuliona mapema, nyuma ikagonga chini kwa kishindo. Shokapu ya kushoto ilianza kuvuja oili hapohapo, na tairi ikatoa uvimbe ubavuni wenye ukubwa wa yai la kuku. Tulibadilisha tairi pembeni mwa barabara kwa kutoa mizigo yote kwanza, maana sipea iko chini ya sakafu ya buti.

Kisha nikaongeza kosa la pili. Gereji moja Kampala ilinishawishi niweke springi ngumu za gari jingine ili mkia usishuke tena. Gari likiwa tupu lilianza kurukaruka kama mbuzi, na kwenye mvua nyuma ilikuwa inateleza. Nililipa mara mbili: kuziweka na kuzitoa. Leo nina springi na shokapu za aina yake halisi, na upepo wa tairi naupima kabla ya safari kulingana na kile kibandiko kilichoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Gunia la muhogo linakuja kwa basi.

Ukijijua wewe ni mtu asiyeweza kukataa gunia, wagoni yenye mwendo itakuponza mapema kuliko sedani, kwa sababu kasi unayo na uzito unao, lakini breki ni zilezile.

Nanasi

Jambo jingine la wagoni, dogo kwa kulisikia. Luweero ni nchi ya mananasi na hatupiti bila kununua. Niliyapanga juu ya mabegi, karibu na dari, kwa sababu nafasi ilikuwepo. Baada ya Kafu ng'ombe mmoja akakatiza, nikakanyaga breki kwa nguvu. Nanasi moja lilipita juu ya mgongo wa kiti na kumpiga mwanangu begani. Alipata mchubuko tu, lakini sauti aliyoitoa bado naisikia. Katika ajali halisi ya kilomita 50 kwa saa, kitu kilicholegea husukuma mbele kwa nguvu inayozidi mara 20 ya uzito wake. Nanasi la kilo mbili linakuwa mzigo wa zaidi ya kilo 40.

Sedani inakulinda na hilo bila wewe kufikiri, mizigo iko nyuma ya ukuta. Katika wagoni ni kazi yako: vizito chini na vimegusa mgongo wa kiti, visivyozidi usawa wa kiti, wavu wa kutenganisha umefungwa, na zile pete za sakafuni zimefungiwa kamba. Unaponunua wagoni iliyotumika angalia kama pazia la buti na wavu vipo. Mara nyingi vimepotea, na muuzaji anakuambia havina maana.

Na tafadhali, ile tabia ya kuwalaza watoto kwenye buti la wagoni na godoro dogo kwa safari ya usiku, tuiache. Najua wanafurahi. Kule nyuma hakuna mkanda, na gari likigongwa kutoka nyuma wao ndio bampa. Kama mna watoto zaidi ya watatu, achana na magari yote mawili, tafuta lenye safu tatu. Subaru walitengeneza Exiga yenye viti saba tangu 2008, yenye damu hiihii ya Legacy.

Harufu, kelele, joto

Hapa sedani inachukua pointi zake bila ubishi. Tukivuka daraja la Pakwach wanawake wa nyumbani hununua samaki wakavu. Katika B4 samaki wako kwenye chumba chao. Katika wagoni samaki ni abiria. Hata ukiwafunga mifuko mitatu, ukifika Olwiyo kila mtu anajua wako wapi, na juma zima linalofuata watoto wanakwenda shuleni wakinukia Panyimur. Nimejifunza kutumia ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kukaza, inasaidia kwa kiasi kikubwa.

Kelele nazo: nyuma ya wagoni ni ngoma. Mvumo wa tairi kwenye lami ya kokoto unapanda hadi kwenye dari na kubaki humo. Haboba husinzia katika B4 kabla ya Luweero, katika wagoni anasinzia baada ya Kafu. Pamoja na hayo, milango ya kizazi hicho haina fremu juu ya vioo, kwenye magari yote mawili, kwa hiyo kama mpira wa mlango umezeeka utasikia upepo unapiga mluzi na utaona vumbi kwenye kiti. Kagua mipira ile kwa kidole, pembe kwa pembe. Kizazi kilichofuata, kuanzia 2009, kilirudisha fremu.

Vumbi lina upendeleo wake. Mkia wa wagoni ulio wima huvuta vumbi na kulipaka kiooni. Ndiyo maana wagoni ina waipa ya nyuma na maji yake, na waipa hiyo ikiharibika usiipuuze, kwa sababu baada ya kilomita tano za murramu hutaona kitu. Kiyoyozi pia kina chumba kikubwa zaidi cha kupoza. Saa nane mchana, gari limetoka juani, abiria wa nyuma wa wagoni huvumilia kwa muda kabla ya kupata nafuu.

Lakini kichwa! Dari la wagoni linanyooka hadi nyuma, la B4 linaanza kushuka mapema. Mpwa wangu ana miaka 16 na urefu wa mnazi, nywele zake zinagusa dari la B4. Mama akiwa amejifunga kilemba kizuri cha sikukuu, katika wagoni kilemba kinafika Arua jinsi kilivyotoka Bombo.

Kuingia na kutoka ni taabu sawa kwa mzee, yote mawili yako chini. Kama ana magoti mabovu, iangalie Outback. Ni wagoni hiihii iliyoinuliwa, milimita 200 kutoka ardhini badala ya takriban 150. Unaikosa ile mikao ya kwenye kona, lakini unapata matuta ya Kampala bila kusaga tumbo la gari. Mimi ningekuwa naishi kwenye njia ya murramu, mjadala huu ungeishia hapo.

Wezi na vipuri

Watu huogopa kwamba vioo vya wagoni vinaonyesha mali. Ni kweli, na ndiyo kazi ya pazia. Livute hata kama nyuma kuna kitambaa tu, kwa sababu anayepita kwenye foleni anataka kujua kama kuna begi, na hilo usimjibu. Katika B4 hana cha kuchungulia. Kama unalaza gari nje, barabarani, sedani ina amani zaidi.

Vipuri vya mbele ni vilevile: pale Kisekka, kwa wauza vipuri wa Kampala, utapata chochote cha injini hiyo, kipya au kilichotumika. Tofauti iko nyuma. Mlango wa wagoni unashikiliwa na fimbo mbili za gesi. Zikichoka mlango unashuka wenyewe, kwa kawaida ukiwa umeinama ndani. Jaribu siku ya kununua: ufungue nusu, uachie. Usipokaa, punguza bei. Usikubali ufumbuzi wa kijiti.

Mengine ni ya injini na hayachagui umbo. Turbo hii inataka oili nzuri ibadilishwe mapema, mimi sizidishi kilomita 5,000. Mkanda wa taimingi ubadilishwe ukifika kilomita 100,000, na kama mwenye gari hana ushahidi, hesabu kwamba haujabadilishwa. Tairi zote nne ziwe za saizi moja na zilizolika sawa, la sivyo mfumo wa magurudumu manne unajisaga wenyewe. GT huja na tairi 215/45 za rimu 17, ubavu mwembamba usiopenda mashimo yetu. Ukitaka rimu ndogo, kwanza fundi ahakikishe inapita juu ya kalipa za breki. Mafuta, sisi hupata kilomita saba au nane kwa lita kwenye foleni ya Kawempe, kumi na kitu safari ndefu, na B4 inaizidi wagoni kidogo sana, kiasi ambacho mguu wa dereva unakifuta. Kama bajeti yako inauma, nunua isiyo na turbo katika umbo lolote. Gari la familia lenye turbo linalonyimwa oili ni deni linalotembea.

Cha kununua sasa

Tangu 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe. Kwa hiyo Legacy za kizazi chetu, ambazo mwisho wake ni 2009, utazipata hapahapa nchini tu, mkononi mwa mtu. Ukitaka linalotoka Japani, kuna ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na ushuru wa mazingira kwa yaliyozeeka. Ingia kwenye kikokotoo cha URA, mamlaka ya mapato, kabla ya kumtumia mtu pesa, uweke mwaka na modeli halisi. Umbo la gari ni jambo dogo kwenye hesabu hiyo, mwaka ndio unaouma.

Nilimwekea shemeji njia mbili. Ya kwanza ni Legacy ya kizazi cha 2009 hadi 2014. Umbali wa ekseli umefika milimita 2,750, na wote walioketi nyuma walishangaa magoti yao yalivyopata nafasi. Ile ya lita 2.5 isiyo na turbo iliyotoka baada ya Mei 2012 ina injini mpya yenye cheni badala ya mkanda wa taimingi. Njia ya pili ndiyo iliyokuwa moyoni mwake: WRX S4, sedani, au ndugu yake Levorg, wagoni, zote za kizazi kilichoanza 2014. Levorg ndiyo iliyochukua nafasi ya Legacy Touring Wagon huko Japani. Levorg yenye lita 2 na S4 zina injini moja ya nguvu za farasi 300, na umbali wa ekseli ni mmoja, 2,650. Buti ni lita 460 kwa S4 na 522 kwa Levorg. Hapo wagoni inaachana na sedani kweli, na nilimwambia kati ya hizo mbili hana sababu ya kuchukua S4 akiwa na haboba na watoto. Kizuizi ni kimo: zote ziko kama milimita 135 tu kutoka ardhini, zikiwa tupu.

Jumamosi iliyopita tulikwenda bondi, yadi ya magari yaliyoingizwa nchini, upande wa Nakawa, sisi wawili, mke wake, na kile kiti cha haboba. Muuzaji alituangalia tunavyokishusha akadhani tumemleta mgonjwa. Kiti kiliingia kwenye Levorg vizuri, kimelala ubavu, pazia likafungwa juu yake. Shemeji alitabasamu. Akaomba kuliendesha hadi getini na kurudi, sisi wote ndani. Pale getini kuna kijituta cha saruji, si kirefu, kimo cha kiganja. Akakipanda polepole, kwa pembe, kama inavyotakiwa, na tumbo la gari likasaga kwa ule mlio wa chuma ambao kila mtu kwenye bondi aligeuka kuusikia. Mke wake hakusema neno. Alifungua mlango, akashuka, akaenda kusimama kando ya Legacy wagoni ya 2013 rangi ya fedha iliyokuwa mstari wa pili, akafungua mlango wake wa nyuma nusu na kuuachia. Ukakaa.